Panya Uliyemfuta Masasi

Benedikto,

Kaa kitako kwanza. Salamu zitakuja, hazina haraka. Nikuulize neno moja. Mtu akitumiwa kuku na mama yake mzazi, akamtia chumvi kwa mkono wake mwenyewe mpaka akawa haliki, kisha akasimama njiani kuwatangazia watu kwamba mama kaniletea nyama mbovu, mtu huyo tumwite nani? Usinijibu. Jina lake ninalo, ila nikiliandika hapa itabidi niende kuungama.

Nimesikia ulichosema nje ya kanisa baada ya ibada. "Mama kanitumia takataka za Dodoma." Ulisema hivyo, na watu walikuwepo. Usihangaike kutafuta nani kaleta maneno. Maneno yako yana miguu kuliko wewe. Nilikaa nayo kifuani kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki, nikasema nitampigia simu mwanangu tuyamalize. Nikapiga. Ukasema, "Mama, mtandao unakatika." Nikapiga kesho yake. "Mama, niko shambani, sikusikii." Mtandao gani huo usiopitisha maneno ya kukusema, lakini siku unayotaka kuniomba kitu nakusikia mpaka unavyomeza mate?

Basi nimechukua karatasi. Barua haikatiki. Mwandiko wangu ni ule wa kisomo cha watu wazima, herufi zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, lakini utazisoma zote. Mdogo wako Veronika alitaka kuniandikia nikamkatalia. Yeye ana huruma, angeyapunguza makali.

Haya, salamu. Hamjambo hapo Mnyambe? Mkeo Felista mgongo wake unaendeleaje? Mikorosho imeshachanua? Salfa mmepuliza, au bado mnamsubiri jirani apulize upepo uwaletee? Tangi la maji ya mvua bado lina kitu chini, au mmeshaanza kununua maji ya madumu? Mimi ni mzima wa kujikongoja. Dodoma mwezi huu ni upepo na vumbi tu, na baridi ya asubuhi inaingia magotini haitoki mpaka jua liwe juu. Maji yao yana chumvi, chai haikolei. Muhogo wa sokoni umechoka na safari kama mimi. Nilikuja huku kuwaogesha pacha wa Veronika, sasa pacha wanakimbia na mimi bado nipo, nawafukuza uani kama vifaranga mama yao akiwa kazini. Ming'oko hawaijui kabisa. Nilipomweleza jirani yetu, Mama Ndahani, kwamba ni mizizi ya porini, tunachimba na kuchemsha, akashika kiuno akasema, "Kumbe nyinyi watu wa Kusini hamjaishia kwenye panya, na mizizi pia!" Nikamwambia, "Na nyinyi mlenda wenu unashuka kooni kabla mtu hajauruhusu." Tukacheka mpaka pacha wakaamka. Mkumbuke huyo Mama Ndahani, nitarudi kwake.

Sasa tuje kwenye kompyuta.

Wewe unazungumza kana kwamba nilizikuta jalalani nikaziokota. Sikiliza zilivyopatikana. Ofisi anakofanya kazi Veronika walileta kompyuta mpya. Zile laptopu za zamani wakaziweka stoo, zikisubiri kutupwa. Kazi ya Veronika ndiyo hiyo, kuzitengeneza na kuzihudumia, akawa anazitaja mezani tukila. Nikamwambia, "Ziombe." Akasema, "Mama, hizo ni nzee, nguvu zimekwisha." Nikamwambia, "Na mimi je? Mbona mimi hujanipeleka stoo?" Akainamia sahani akicheka. Akaandika kuomba, akapewa sita, kwa ruhusa na muhuri, si za wizi.

Na unajua nilikuwa namfikiria nani. Nilikuwa namfikiria Hilda mwanao, ambaye alifeli hesabu kwa sababu mwalimu alihama na hakuja mwingine. Mtoto aliyeniambia kwenye simu, "Bibi, nataka kurudia mtihani. Mimi sikushindwa, sikufundishwa." Umeisikia sentensi hiyo, Benedikto? Mtu mzima mwenye kilo yake ya akili angeiandika ukutani. Veronika akasema wapo walimu waliojirekodi wakifundisha, na mitihani ya nyuma ipo pamoja na majibu, vyote vinaingia ndani ya laptopu, mtoto anasoma bila intaneti. Ndipo nikakwambia ulitoe takataka lile ghala dogo la korosho, Hilda asome humo na wenzake waliobaki kijijini kama yeye. Ukafurahi. Ukaniita "Mama, wewe ni serikali." Nayakumbuka yote, mimi sigandi kama hizo mashine zako.

Veronika hakuchukua mfumo wa kwanza wa kuendeshea mashine aliouona akaubandika tu. Alizileta nyumbani, akazipanga mezani, mimi nachambua maharage kando yake, kwa hiyo niliyaona kwa macho haya yenye ukungu. Laptopu ya kwanza akaiwekea Windows ile mpya, hiyo mnayoiota usingizini. Akawasha. Nikabandika chai. Chai ikachemka, nikaipua, nikawanywesha pacha, nikarudi. Kile kiduara bado kinazunguka kwenye kioo kama nzi juu ya embe, na feni inalia utadhani mashine inapanda mlima. Veronika akasema, "Unaona, Mama? Mfumo huu unamaliza ramu yote kabla mtoto hajafungua hata ukurasa." Nikamuuliza ramu ni mdudu gani. Akasema ni kama meza ya kufanyia kazi, na meza ya hizi za zamani ni ndogo. Basi nikaelewa. Meza ndogo, akaja mgeni mkubwa akaweka viwiko vyote viwili, sahani utaiweka wapi?

Ya pili akaiwekea mfumo mwembamba kupita kiasi. Huo uliwaka upesi, lakini kioo kitupu, hakuna cha kubonyeza, kila kitu lazima ukiandikie amri. Nikasema, "Si huu basi, mbona mwepesi?" Akakataa. "Mama, Hilda hana mtu wa kumuuliza huko. Mfumo huu utamtisha, ataifunga." Nilimpenda mdogo wako siku ile. Alikuwa anachagua kwa kumtazama mtoto, hakuitazama mashine peke yake.

Ya tatu akaweka mfumo mwingine, akasema nao, kama ule wa pili, ni ukoo wa Linux, mifumo inayotolewa bure. Sijafunga hata fundo la khanga, kioo kimeshaamka. Akafungua somo, mwalimu akaanza kuongea bila kukwama. Akafungua na pa kuandikia, vyote viwili kwa pamoja, mashine kimya. Akaniambia huu hauombi bando kila asubuhi, haudai ufunguo wa kununua, na vile virusi vinavyotembea kwenye flashi za vijana havina njaa nao. Nikamwambia mwanangu, umenirudisha bondeni. Wewe hukuyaona hayo, umezaliwa mabomba yameshaanza kufika. Sisi tulishuka uwanda mpaka chini kabisa kuteka maji, tukapanda nayo kichwani. Na mtoto wa kike siku ya kwanza hakupewa mtungi wa mama yake. Alifinyangiwa kimtungi chake, kwa kipimo cha shingo yake, na kata ndogo ya majani. Alifika juu na maji yake, machache lakini yake, hayajamwagika. Mwanamke aliyemtwisha mtoto mtungi mkubwa ili majirani waone bintiye ana nguvu, huyo alirudi na mtoto analia na vigae mkononi. Tulimcheka mwaka mzima.

Sasa wewe ndiye mwanamke huyo.

Kwenye mfumo ule wa tatu, ambao Veronika aliuweka kwenye zote sita, kuna alama. Mashine ikiamka inatokea picha ya panya. Kapanya kadogo, kana masikio. Waliotengeneza wana sababu zao, Veronika anasema ni kwa kuwa panya ni mdogo na mwepesi na hapotezi muda. Mimi nilimwona nikafurahi kama niliyeona mtu wa kwetu stendi. Mama Ndahani akaingia kuomba chumvi, akamwona, akapiga yowe, "Mama Benedikto! Panya wenu kawafuata mpaka kwenye umeme!" Nikamwambia, "Ndiyo, na wewe kaa mbali, huyu hajaiva." Kwa hiyo nami nimetaniwa, Benedikto. Miaka yote niliyokaa huku natanguliwa na panya kila ninapoingia. Nimewahi kumkana?

Ninajua kilichotokea huko kwenu. Nilimbana Felista mpaka akasema, na ole wako umguse. Uliita watu siku ya kuziwasha. Hilo silaumu, jambo jema huitiwa watu. Ulipanga mabenchi ghalani, ukavaa shati la Jumapili. Alikuwepo shemeji yako Daudi, mwenye mdomo kama pakacha lililotoboka. Alikuwepo na yule mgeni kutoka bara aliyekuja kuulizia ufuta. Ukabonyeza. Mashine ikaamka upesi kama nilivyokuahidi. Akatokea panya.

Daudi akapiga makofi. "Haya jamani, kitoweo kimefika! Nani ana chumvi?"

Watu wakaangua kicheko. Hilo ni la kwetu. Daudi ni shemeji yako, ana haki ya kukutania mpaka kaburini. Lakini yule mgeni naye akatia lake. "Kumbe hata kompyuta zinajua zimefika Kusini."

Hapo ndipo ulipovunjika. Felista anasema uso ulikushuka kama mtu aliyeanguka mbele ya wakwe. Ukaifunga mashine. Ukasema, "Somo limeahirishwa." Somo! Mwanao alikuwa amekaa benchi la mbele, kalamu mkononi.

Mgeni wa ufuta alipanda gari akaenda zake. Kesho yake hata jina lako alikuwa amelisahau. Wewe ukabaki umembeba mgongoni.

Na kabla hujapata nafasi ya kuzipeleka kwa fundi Masasi, unajua mwanao alikuwa akifanya nini? Nikwambie maana umeshaziharibu, huwezi kumfanya kitu. Kila jioni ulipokwenda kukaa na wenzako, Hilda na wenziwe walikuwa wakiingia ghalani, wanawasha, panya anatokea, wanasoma. Aliniambia. "Bibi, mwalimu wa kwenye kompyuta nikimwambia rudia, anarudia. Hakasiriki." Alikuwa anapanda na kimtungi chake, hajamwaga tone.

Ndipo ulipozifunga zote sita, ukateremka nazo Masasi. Nilipopata habari kwenye simu kwamba umezipeleka kupigwa window, mimi nilidhani umegombana na mtu, ukavunja dirisha. Nikamuuliza Veronika, "Dirisha la nani?" Akakaa sakafuni, akashika kichwa. Hakucheka. Ndipo akanieleza kwamba ndivyo mafundi wanavyosema mashine ikiwekewa Windows.

Na usimsingizie fundi. Felista alikuwa pembeni, alisikia. Kijana wa watu alikwambia vizuri, "Mzee, mashine hizi ramu yake ndogo. Nikizipiga window hii mpya zitaganda. Uliomo humu ndio saizi yake." Nawe ukajibu, "Wewe piga window. Mimi sitaki panya nyumbani kwangu." Akakuuliza, "Na vitu vilivyomo ndani?" Ukasema, "Futa."

Neno dogo hilo. Walimu wote wale, mitihani yote ile, usiku ambao mdogo wako alikesha akivipanga kwa masomo, umevimaliza kwa neno fupi kuliko chafya.

Kisha ukanunua na vile vidude vya kushikia mkononi, mausi, ili mashine zionekane za kisasa. Nikamuuliza Veronika mausi maana yake nini. Akasita. Akasema, "Mama, ni Kiingereza. Ni panya." Benedikto! Umemfukuza panya mmoja wa kwenye kioo, ukarudi Mnyambe na panya wa mkononi, mmoja kwa kila mashine, wana na mikia! Aliyekuroga kafa.

Sasa mashine zinafanya vile tulivyoona hapa mezani. Hilda anawasha, anafagia uwanja, anarudi, bado inafikiria. Akifungua kitu inaganda. Moja imegoma kabisa. Wenzake wameacha kuja. Nawe badala ya kusema, "Nimekosea," umesimama nje ya kanisa na kusema mama kaleta takataka.

Najua utakalojibu, maana ulimwambia Veronika. "Mtoto akienda kuomba kazi ataulizwa kama anajua Windows, hataulizwa kama anajua panya." Sikatai, hilo si neno la kijinga. Nilimuuliza Veronika nalo. Akasema aliyejifunza kuandika, kupanga kazi zake na kuzihifadhi, akihamia kwenye Windows ni kama aliyezoea mafiga akapewa jiko la mkaa, atababuka vidole siku ya kwanza, ya pili anapika. Lakini asiyefaulu mtihani hiyo kazi ataiombea wapi? Tena Veronika naye nimemsema. Alipaswa kukwambia mapema juu ya ile picha, anakujua ulivyo. Amekubali. Ukimtaka radhi, naye atakutaka radhi.

Ila sasa nataka kukwambia jambo ambalo hukuwahi kuambiwa, kwa sababu hapakuwa na haja. Leo haja ipo.

Ulipokuwa hujamaliza kunyonya palikuwa na njaa uwandani. Mtama haukutoa kitu. Tulikula ming'oko mpaka porini pakawa mashimo matupu. Wewe ukavimba miguu. Tumbo likajaa, mashavu yakajaa, wapita njia wakaniambia hongera mtoto kanenepa, na mimi najua ninachokiona. Nywele zako zikageuka rangi ya ndevu za hindi. Ukawa hulii. Mtoto asiyelia, Benedikto, Mungu akuepushe kumbeba.

Baba yangu mzazi, huyo ambaye jina lake umelivaa, alitoka na jembe na mitego yake. Akawachimba panya wa shambani, akawategea, akawachoma manyoya, akawapanga kwenye vijiti juu ya moshi. Hakuonja hata mmoja. Aliwaponda na mifupa yao, nikachemsha mchuzi, nikakunywesha kwa kidole changu. Siku nyingi hivyo. Halafu asubuhi moja ukalia. Ulilia ukitaka zaidi, ukaning'ata kidole. Baba yangu alikuwa mlangoni anasuka mtego. Akasema, "Msikie mwanamume huyo, anadai." Akageuka ili nisimwone uso. Nywele zako zilirudi nyeusi, na mpaka leo watu wanazisifu.

Hicho ndicho ulichokiambia "futa" kule Masasi.

Mimi yule mgeni wa ufuta simlaumu, hajui. Wewe ndiye uliyepaswa kumjibu. Ungemwambia tu, "Ndiyo, ni wetu, karibu ukae ujifunze," ukabonyeza somo likaanza. Watu wangecheka, wangenyamaza, wangesikiliza. Lakini ulitaka uonekane mkubwa, ukamtwisha mtoto wako mtungi wa kukuonyesha wewe.

Na sasa linalonitoa usingizi. Hilda alinipigia juzi.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umefika wapi?"

Nikasikia anafunua daftari.

"Nilikuwa nimefika kwenye milinganyo, Bibi. Nilikuwa nimeanza kuielewa."

"Na sasa?"

"Sasa hamna kitu ndani. Baba anasema yupo mtu wa chuma chakavu atakuja kuzichukua, ghala liwe tayari kwa korosho." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayekunja nguo, "Basi Bibi, nitakwenda Nanganga. Kuna dada ana meza ya chipsi barabarani, anataka msaidizi."

Kuuza chipsi si aibu. Mimi nimeuza mabibo makavu njiani nikiwa na mimba yako. Lakini mtoto huyu hakutaka chipsi. Alitaka kurudia mtihani, jina lake limeshaandikishwa, na mtihani hausubiri baba wa mtu apoe aibu. Akikaa Nanganga msimu mmoja, hatarudi kwenye milinganyo. Unajua na mimi najua. Na siku atakapozaa atamwambia mwanawe kwamba babu yako alimwogopa panya wa picha.

Basi ndiyo hayo. Sikuchukii. Ningekuchukia nisingeharibu macho yangu kwa kurasa zote hizi.

Kwenye kifurushi hiki kuna kitenge cha Felista, mkwe wangu mwema, mpe kwa mikono miwili. Kwenye upindo nimeshona flashi. Ndani yake umo ule mfumo mwepesi na masomo yote, Veronika ameyapanga upya, amekosa usingizi mara ya pili kwa ajili yako. Sikuiweka kwenye bahasha kwa sababu bahasha utaifungua wewe. Hilda anajua la kufanya, shangazi yake amemfundisha kwa simu, na atakuwa naye kwenye simu mpaka mashine ya mwisho iwake. Ile iliyogoma isitupwe, Veronika akija Krismasi ataitazama. Mtu wa chuma chakavu akifika mwambie vyuma vya nyumba hii bado vinasoma. Korosho zitakaa chumbani kwako, wewe na Felista mtazilalia, mimi na baba yako tulizilalia miaka mingi na tukawazaa nyinyi humo humo.

Msalimie dada yangu wa Lupaso mkionana, mwambie magoti yangu yanamuuliza yake. Msalimie katekista wetu, na umwambie Jumapili ijayo baada ya ibada utakuwa na neno la kurekebisha, pale pale uliposimama kunitukana. Msalimie shemeji yako Daudi, mwambie mama mkwe wa dada yake anasema kitoweo kinarudi, aje na chumvi yake, akae benchi la nyuma, anyamaze. Mbusu Hilda kichwani kwa ajili yangu. Mwambie asifunge begi.

Mimi ni mama yako, Paulina binti Benedikto, mla panya, ambaye bado hajafa.

Sasa weka barua chini. Chukua wembe, fumua upindo mbele ya watu wa nyumba yako. Kazime ile window. Washa mashine ya kwanza kwa mkono wako mwenyewe, na panya akitokea usigeuze uso. Kisha inuka, mpishe Hilda kiti.